Naomba ushauri: dawa ya kutuliza kikohozi kwa anayetumia dawa ya sonona

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana kikohozi kikavu kinachomnyima usingizi. Nimemnunulia dawa ya maji ya kutuliza kikohozi, zile zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ina dekstromethofani, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha miligramu 120 kwa saa 24. Hapo sina shida, kipimo tunacho.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba anatumia fluoxetine kwa ajili ya sonona. Karatasi ya maelezo inaonya kuwa dawa hizi mbili zikikutana, serotonini (kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe kwenye ubongo na neva) inaweza kupanda kupita kiasi: kutetemeka, kutoka jasho jingi, moyo kwenda mbio, hata kuchanganyikiwa. Nimeiweka kando, hajaonja hata tone.

Wenye ujuzi wa famasia, ipo ya kikohozi isiyogombana na fluoxetine? Asali anatumia, inasaidia kidogo tu. Zile za mafua zenye mchanganyiko naziogopa, maana nyingi zina parasetamoli na tayari anaimeza kwa ajili ya magoti (na msahaulifu kweli huyu mama). Hana homa wala makohozi. Kesho tunakwenda kwa mfamasia. Nimuulize nini hasa?