Tupeane uzoefu: neva kubanwa shingoni, wewe uliambiwa ni aina gani?

Wakuu, habari zenu. Naanza na yangu.

Mkono wa kulia uliniwaka moto kutoka begani hadi kidole gumba. Usiku nilikuwa napata usingizi nikiweka kiganja juu ya kichwa tu. Eksirei ikaonyesha pingili zimesagika, nikaambiwa ni umri, nikapewa dawa za maumivu. Daktari wa pili alinilaza shingo upande wa kulia, akakandamiza kichwa, nikapiga yowe. Akasema linalobanwa ni shina la neva ya sita ya shingo, pale linapochomoza kati ya pingili ya tano na ya sita. Miezi mitatu ya mazoezi ya viungo, nalala vizuri. Sikupasuliwa.

Nyie wenzangu?

Binti wa Fundi: Pole sana kaka. Kwetu ilikuwa kinyume, na ndiyo maana naandika. Mama hakuwahi kulalamika shingo. Ni fundi cherehani, akaanza kushindwa kutunga uzi. Halafu vifungo. Halafu kandambili zinamchomoka njiani, anafika nyumbani na moja. Tukasema uzee, jirani akasema sukari.

Daktari alimfyatua ukucha wa kidole cha kati, gumba likajikunja lenyewe. Picha ya MRI ikaonyesha kilichobanwa ni uti wa mgongo wenyewe, pale shingoni, daraja la 3. Alituchorea: la 1, nafasi ya maji yanayouzunguka uti imebanwa, la 2, uti umebonyea, la 3, ndani ya uti kuna doa, dalili ya kuumia. Ila akasema picha peke yake haitoshi, akamhesabia alama za mikono, miguu, ganzi na mkojo. Mzima anapata 18, mama alipata 11, yaani hali mbaya. Akapasuliwa. Sasa anatembea bila kushikwa, lakini sindano bado inamshinda. Tungewahi!

Dereva wa Masafa: Mimi vidole vilikuwa ganzi, nikatibiwa shingo mwaka mzima. Kumbe neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono.

Mwanzisha mada: Dada, asante. Mpe mama pole zangu. Mimi niliyekuwa napiga kelele ndiye niliyekuwa na nafuu. Wenye mzazi anayedondosha vikombe au anayeyumba akitembea, hata kama haumwi popote, mpelekeni wiki hii, mkamwambie daktari habari ya vifungo na kandambili.

Kuna aliyebanwa uti akaambiwa asubiri bila upasuaji? Ilikuwaje?