Je, kipimo kimoja cha lukemia ya paka kinatosha?

Muulizaji, Nakuru: Ndugu zangu, paka wangu mchanga wa wiki 9 amepimwa damu na kuonekana ana virusi vya lukemia (saratani ya damu), ingawa anakula na kucheza vizuri. Je, niyaamini majibu haya?

Mfugaji, Kisumu: Pole sana. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya virusi vyenyewe, iitwayo p27, wala si kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Kwa hiyo kinga aliyorithi kwa mama yake haiyavurugi majibu, hata akiwa mdogo hivyo.

Daktari wa mifugo, Kakamega: Hata hivyo, paka mwenye afya akionekana ameambukizwa, majibu yathibitishwe maabarani kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, kisha apimwe tena baadaye. Vilevile asiyeonekana na virusi, ikiwa alikaa na mgonjwa, apimwe tena baada ya siku 30, kwa kuwa maambukizi mapya huchelewa kuonekana. Nakusihi, usikubali auawe kwa kipimo kimoja. Mtenge tu na wenzake.