Utomvu wa paini unanata kwenye wavu, tumeosha mpaka tumechoka

karatasi_jinja: Habari zenu wakuu. Tuko watatu huku Jinja, tunatengeneza karatasi za mkono za kadi. Zamani ilikuwa nyuzi za migomba tu, sasa jamaa wa mashine ya mbao katupa maranda ya paini bure, tunayachemsha kutwa na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) kwenye pipa, tunatwanga tunachanganya. Shida tukianza kuosha wavu unanata, blanketi la kukamulia limejaa madoa ya kahawia kama gundi. Tumeosha mara sita na ndo kwanza inazidi!!

fundi_rojo: maji ya kwanza ya moto au baridi? na mnayatoa wapi

karatasi_jinja: Baridi, ya kisima cha pampu

fundi_rojo: Basi mchawi mmemshika. Kostiki inageuza asidi za utomvu kuwa sabuni, na hiyo sabuni inatoka vizuri maji yakiwa bado ya moto na yana kostiki. Nyie mnamwagia maji baridi yenye chokaa, kalsiamu ya hiyo chokaa inaidaka sabuni inakuwa kama ule utando unaobaki kwenye beseni la kufulia, inarudi kwenye nyuzi, kwa hiyo kila mkiosha mnaongeza ugonjwa. Chujeni yale maji meusi yangali moto, suuzeni mara mbili na maji ya moto yenye kostiki kidogo, pH (kipimo cha uasidi na ukali wa kostiki) isishuke chini ya 10, halafu ndo maji laini ya mvua au ya ziwani. Na glavu jamani, kostiki ya moto haina urafiki.

mama_migomba: Sawa ila maranda mabichi pia ni tatizo ssebo, yaacheni yakae wiki kadhaa kwanza, hata viwandani vipande vya paini huwa vinalazwa makusudi mafuta yapungue. Utomvu ukibaki kidogo tia poda ya talki kwenye rojo la nyuzi, inaukumbatia utomvu usinate. Soma kopo lakini, poda nyingine za watoto siku hizi ni wanga mtupu. Na msikimbilie kalitusi, mafuta yake mengi hayageuki sabuni kirahisi.

karatasi_jinja: Nimejaribu sasa hivi, kipande kilekile cha sabuni, chupa mbili. Ya mvua imejaa povu mpaka shingoni, ya kisima nimetikisa mkono umeuma, imekuwa kama maziwa yaliyoganda tu. Kesho naomba tangi la jirani.