Damu ya mbuzi inapasuka kwenye chumvi 0.6%, ya mbwa bado: kosa liko wapi?

Mwanafunzi wa veterineri, Goma
Wakubwa, salamu. Tunapima uimara wa chembe nyekundu katika maji ya chumvi, 0.9% kushuka hadi 0.3%. Damu ya mbwa ilianza kupasuka karibu na 0.5%. Ya mbuzi, ya abatuari (machinjioni), kwenye 0.6% ilishapasuka sana, na hata mrija wa 0.9%, maji yake ya juu yana wekundu. Tulipima chumvi vibaya?

Fundi wa labo, Bukavu
Hayo ni mambo mawili, ndugu. Kwenye 0.6%, mbuzi ndivyo alivyo. Chembe yake ina upana wa mikromita 3 hadi 4, ya mbwa karibu 7. Tena karibu haina bonde katikati, kwa hiyo utando hauna akiba ya kutanuka maji yanapoingia.

Wekundu kwenye 0.9% ni kosa la kuchota. Damu ikikingwa shingoni baada ya kuchinja huchanganyika na maji ya kuoshea, nayo hupasua chembe kabla hujafika labo. Omba uchote kwenye mshipa wa shingo kabla ya kuchinja, sindano ya geji 18 au 20, bomba la sindano kavu kabisa, uvute polepole. Ondoa sindano kabla ya kumimina kwenye mrija wa heparini, dawa inayozuia damu isigande.

Mwalimu wa biokemia, Goma
Naongeza barabara zetu za mawe ya volkano: mrija ukitikisika kwenye pikipiki, chembe huvunjika. Ujaze vizuri, uushike mkononi, wala usiugusishe barafu. Damu mliipima saa ngapi?

Mwanafunzi wa veterineri, Goma
Ilichotwa saa 1 asubuhi, tukapima saa 9 alasiri. Haikuwekwa baridini.

Mwalimu wa biokemia, Goma
Hapo pia kuna tatizo. Chembe nyekundu ya mbuzi haina mitokondria, vile viungo vidogo vya kuzalisha nguvu. Inaishi kwa glikolisisi, yaani kuvunja glukosi bila oksijeni, na inapata ATP (molekuli ya nguvu) 2 tu kwa kila glukosi. ATP ikipungua, pampu ya utando inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 inalegea, sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata. Pimeni ndani ya saa 2.

Tengenezeni chumvi kavu gramu 10 kwa lita, yaani 1%. Mililita 6 zake na 4 za maji yaliyokenekwa ndiyo 0.6%. Tieni mikrolita 50 za damu kwenye mililita 5, pindueni taratibu, ngojeni dakika 30, zungusheni kwenye sentrifuji dakika 10 kwa 1500 g (mara 1500 ya mvutano wa dunia), kisha someni wekundu wa maji ya juu kwa spektrofotomita kwenye nanomita 540. Anzeni na mrija wa 0.9%: maji yake ya juu yakiwa mekundu, mwageni damu hiyo mkachote nyingine.