Naomba ushauri: Msimu gani mzuri kumpeleka mama ziwani kaskazini mwa Minnesota?

Wakuu, habari za majukumu. Tunaishi Minneapolis, na mama mzazi anakuja kututembelea kutoka Tanga. Tunataka kumpeleka pamoja na watoto kwenye nyumba za mbao kando ya Ziwa Vermilion. Nimekwama kwenye msimu.

Mume wangu anataka Januari, wavue samaki kwa kutoboa barafu. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu safi iwe na unene wa angalau inchi 4, kama sentimita 10, ndipo mtu aikanyage; ile nyeupe iwe mara mbili. Mimi roho hainipi kabisa. Mama magoti yanamsumbua, na Tower, mji wa pembeni mwa ziwa hilo, mwaka 1996 ulifikia nyuzijoto hasi 51. Juni nayo ina mbu wa kufa mtu, jioni hukai nje.

Naegemea mwishoni mwa Septemba: mbu wamepungua, majani yamegeuka njano na mekundu, ila maji yameshapoa, watoto hawataogelea.

Mliowahi kwenda na wazee, mlichagua lini? Na mama nimnunulie viatu gani visivyoteleza kwenye gati la mbao lenye umande?