Picha ya mfalme wa Zama za Kati: nitaonyeshaje kwamba ni madai ya mamlaka?

KalamuYaUnyoya
Wadau, habari zenu. Naandaa somo kuhusu sanaa ya Ulaya ya Zama za Kati. Vielelezo vyangu ni viwili: Injili za Liuthar zilizoko Aachen, Ujerumani, kitabu cha Injili kilichoandikwa kwa mkono na kutiwa picha karibu na mwaka 1000 kwa ajili ya Kaizari Otto III, na mozaiki (picha ya vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa ukutani) ya Mfalme Roger II wa Sicily katika kanisa la Martorana, Palermo. Najua wanafunzi watasema "mfalme anaonyesha nguvu zake" na kuishia hapo. Waanze kutazama wapi, na makosa gani huwapata wengi?

JichoLaMswada
Mkuu, uso wa mfalme uache mwisho. Mchoraji wa enzi zile hakuwa akitafuta sura halisi ya mtu. Anza na mikono: nani anamgusa nani, nani anampa nani nini. Kwa Otto, mkono wa Mungu unashuka kumvisha taji bila papa wala askofu katikati. Amekaa ndani ya mzingo wa mwanga wenye umbo la lozi, ambao kwa desturi ulikuwa wa Kristo. Kiti chake kimebebwa na Dunia, iliyochorwa kama binadamu aliyechutama, na kifuani pake unapita utepe mweupe ulioshikwa na alama za wainjili wanne. Pembeni wawili wenye taji wanamwinamia, na chini kabisa wapo wapiganaji wawili na maaskofu wawili. Wape wanafunzi nakala ya picha wagawe tabaka hizo kwa mistari, kisha waandike nani yuko tabaka gani.

Kosa kubwa ni kuutenga ukurasa huo na ule unaoutazama. Upande wa pili yupo mtawa Liuthar na kitabu chake. Maandishi yanamwomba Mungu auvike moyo wa Otto kwa kitabu hicho, na yanamtaka Otto akumbuke kwamba amekipokea kwa Liuthar. Mtawa naye anadai chake! Anayesoma ukurasa mmoja amesoma nusu ya mapatano.

Kwa Martorana, uliza kwanza nani aligharimia. Kanisa lilijengwa katika miaka ya 1140 na George wa Antiokia, amiri wa Roger, si Roger mwenyewe. Mfalme amevaa kama kaizari wa Bizanti, yaani Dola ya Rumi ya Mashariki, Kristo anamvisha taji kwa mkono wake, na jina lake, "Rogerios Rex", limeandikwa kwa herufi za Kigiriki ingawa "Rex" ni Kilatini. Ufalme aliupata mwaka 1130 kwa idhini ya Anacletus II, ambaye baadaye Kanisa lilimhesabu kuwa papa batili. Katika mozaiki hakuna papa yeyote.

NgoziNaDhahabu
Naongeza upande wa vifaa vya vitabu hivi vya mkono, vilivyoandikwa juu ya ngozi. Karatasi ya dhahabu ilibandikwa kabla ya rangi, kwa sababu hunata kwenye rangi, na kuisugua ing'ae kungeharibu kazi iliyokwisha kupakwa. Maana yake, sehemu za dhahabu zilipangwa tangu mwanzo, pamoja na gharama yake. Fedha ilitumika pia, ila hugeuka nyeusi kadiri miaka inavyopita, basi ngao nyeusi leo huenda ilikuwa inameta. Na usitaje lapisi lazuli, jiwe la buluu la Badakhshan, Afghanistan, kwa kuona buluu tu: azuriti, madini mengine, nayo ni buluu, na kuzitofautisha kwa uhakika ni kazi ya maabara.

Jambo jingine: angalia ngozi zilivyoshonwa. Kwa kawaida ngozi nne hukunjwa pamoja na kutoa majani manane. Jani la picha likiwa limechomekwa peke yake, huenda liliongezwa baadaye, na tarehe ya maandishi isikutoshe kuipa picha tarehe.

KalamuYaUnyoya
Asanteni sana. Je, niite propaganda? Waliokiona kitabu kama hicho walikuwa wachache.

JichoLaMswada
Mimi nisingeliita hivyo. Kitabu cha Injili kilikuwa cha ibada. Picha ile ilisema mbele ya Mungu na mbele ya makasisi, wale wale waliomwombea kaizari na ambao bila wao hakuweza kutawala. Watu wachache, lakini ndio hasa waliohitajika.

Ukutani hali ni tofauti. Nenda Ravenna, Italia, kanisa la Sant'Apollinare Nuovo: mozaiki inayoonyesha jumba la Theodoric, mfalme wa Wagothi aliyetawala mji huo. Wabizanti walipoutwaa mji mwaka 540, haikuchukua miaka mingi watu waliokuwa kati ya nguzo wakafutwa na mapazia yakawekwa mahali pao. Mikono michache imebaki juu ya nguzo mpaka leo. Hakuna aliyejisumbua kufuta picha isiyo na nguvu.

NgoziNaDhahabu
Kama una nafasi ya mfano wa tatu, chukua nakala ya Grandes Chroniques, kitabu cha historia ya wafalme wa Ufaransa, iliyokuwa ya Mfalme Charles V. Mwaka 1378 alimpokea Paris mjomba wake, Kaizari Charles IV. Kaizari alizoea kuingia miji ya dola yake juu ya farasi mweupe, kwa hiyo Wafaransa wakampelekea farasi mweusi, na mweupe akapanda mfalme wao. Mchoraji ameonyesha tofauti hiyo waziwazi. Waulize wanafunzi rangi ya farasi kabla hujawaeleza lolote.