Majirani Chumbageni, Tanga: waifai ipo, intaneti haipo

*Mama Swaumu:* Asalaam aleykum majirani. Tangu umeme urudi alfajiri, waifai inashika lakini hakuna kinachofunguka, si kwenye simu si kwenye kompyuta. Nataka nibonyeze kile kitundu cha nyuma ya ruta kwa sindano.

*Fundi Hamisi:* Waleykum salaam. Mama Swaumu, tafadhali weka sindano chini! Kitundu hicho kinafuta kila kitu, pamoja na jina la mteja na nywila ambavyo ruta nyingi hutumia kuingia kwenye laini ya kampuni. Kama hukuviandika mahali, hapo ni kumsubiri mtu wa kampuni. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kwanza niambie taa za kiboksi cha faiba pale ukutani.

*Mama Swaumu:* Taa ya PON ni kijani, imetulia. Ya LOS haiwaki.

*Fundi Hamisi:* PON ni taa ya laini ya kampuni, LOS ni ya mwanga kupotea. Basi laini inafika mpaka nyumbani. Tatizo huenda liko ndani.

*Mzee Kombo:* Na LOS ikiwa nyekundu, mwanangu?

*Fundi Hamisi:* Shikamoo mzee. Nyekundu ni kwamba mwanga haufiki. Ule waya wa faiba ndani yake ni uzi wa kioo, ukibanwa na kabati ukakunjika kona, mwanga unavuja. Uzungushe duara lisilopungua mdomo wa kikombe cha chai. Kichwa chake msikipulize kwa mdomo, unyevu unaganda kwenye ncha. Wala msikichungulie, mwanga ule hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Ukiunyoosha na bado nyekundu, pigeni simu kampuni.

*Mzee Kombo:* Marahaba. Nimeelewa.

*Dada Zai:* Mama Swaumu, uko kwenye kompyuta? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, halafu ipconfig. Soma mstari wa IPv4, yaani anwani ya kompyuta.

*Mama Swaumu:* 192.168.1.7

*Dada Zai:* Sawa. Ingeanza na 169.254 ningejua ruta haijaipa kompyuta anwani, tungeandika ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Sasa tuulize nani anajibu: andika ping 192.168.1.1, hiyo ndiyo ruta yenyewe. Ikijibu, ping 8.8.8.8, hiyo iko nje kabisa. Mwisho ping google.com

*Mama Swaumu:* Mbili za mwanzo zimejibu. Ya tatu inasema could not find host, yaani haikuipata

*Dada Zai:* Hapo hapo! Njia ya kwenda nje ipo. Kinachokosekana ni DNS, yaani wa kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Zima kiboksi na ruta, hesabu sekunde 30. Washa kiboksi peke yake, subiri PON itulie, ndipo uwashe ruta. Ikigoma, ingia kwenye ruta kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, sehemu ya DNS weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8

*Mama Swaumu:* Simu zimefunguka, alhamdulillah! Ila kompyuta kila tovuti inasema muunganisho si salama.

*Dada Zai:* Tazama tarehe kule kwenye kona.

*Mama Swaumu:* 1 Januari 2019!

*Dada Zai:* Betri ya saa iliyo ndani ya kompyuta imekufa. Kila tovuti ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2019 inaona cheti hakijaanza kazi, inakikataa. Umeme ukiwepo kwenye soketi saa inakula huo, ndiyo maana ubovu umejificha mpaka ulipokatika. Rekebisha tarehe kwa mkono sasa hivi, kisha nunua CR2032, ile ya duara ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, ndipo ubadilishe. Alama ya jumlisha itazame juu.

*Mzee Kombo:* Hamisi, na waya wa intaneti wa chumba cha uani? Kasi ilikuwa megabiti 1000 kwa sekunde, sasa 100.

*Fundi Hamisi:* Toa kichwa utazame yale meno. Yana ukijani?

*Mzee Kombo:* Yanao, mawili ya mwisho.

*Fundi Hamisi:* Chumvi ya bahari hiyo mzee, Tanga haikwepeki. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu za nyaya, ya 1000 inataka zote nne. Jozi yako ya kahawia imekufa. Usikwangue. Kata sentimita 5, ubane kichwa kipya. Ulimi wa plastiki ukiwa chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ganda la nje liingie mpaka ndani ya kichwa, vinginevyo nyaya zitachomoka ukivuta.

*Mzee Kombo:* Koleo ya kubania sina.

*Fundi Hamisi:* Ninayo, nakuja baada ya alasiri. Nunua vichwa vinne. Vya kubana ni viwili, kila ncha kimoja, lakini kikibanwa vibaya hakifunguki tena.